Poza Kwanza, Hospitali Baadaye: Jinsi Joto Linavyomwangusha Mchezaji Visiwani

Mchezaji akianguka kiwanjani mwezi wa Februari, jua ndilo linalolaumiwa. Jua lina sehemu yake, lakini joto kubwa linalomwua mwanamichezo hutoka ndani ya misuli yake mwenyewe. Katika kila sehemu 100 za nguvu anazochoma ili akimbie, 20 au 25 tu ndizo zinazogeuka kuwa mwendo. Zilizobaki zote ni joto. Beki wa pembeni anayepanda na kushuka anazalisha joto mara 10 au zaidi ya mtu aliyekaa barazani, na joto hilo lisipopata pa kutokea, mwili wake unaweza kupanda nyuzi 1 kila baada ya dakika 5 hadi 8. Kutoka nyuzi 37 za kawaida hadi 41 ni muda wa kipindi kimoja cha mpira. Ndiyo maana kiharusi cha joto, yaani mwili kupata moto kupita nyuzi 40 mpaka akili ikavurugika, kinaweza kumpata mtu asubuhi yenye mawingu, au usiku chini ya taa.

Mwili wa anayekimbia kwenye hewa ya moto una njia moja kubwa ya kulitoa joto hilo, nayo ni jasho. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba anayetoka jasho jingi yuko salama, kwa kuwa mwili wake unajipoza. Kinachopoza ni lile jasho linalokauka juu ya ngozi. Lita 1 ya jasho ikigeuka mvuke yote huondoka na kilokalori 580 hivi za joto. Jasho linalochuruzika mpaka kwenye soksi halikupoza kitu. Limemtoa mtu maji na chumvi bure.

Hapo ndipo hali ya hewa ya visiwa vyetu inapotuweka pabaya. Wakati wa kaskazi, tangu Disemba mpaka masika yaanze, hewa ya Unguja na Pemba imeshiba unyevu wa bahari. Nguo iliyofuliwa hukaa kwenye kamba ikabaki na majimaji, na jasho la mchezaji nalo ni hivyo hivyo: limekosa hewa kavu ya kulipokea. Ongeza kwamba mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini kwetu hasa. Mchezaji anayetokea Dodoma, alikozoea jua kali lakini hewa kavu, hushangaa kuona nyuzi 31 za Mjini zinamtesa kuliko nyuzi 33 za kwao. Hajalegea. Hewa ndiyo imemkatalia jasho lake.

Wataalamu wana kipimo kinachozingatia jambo hili, kiitwacho WBGT, kifupi cha maneno ya Kiingereza Wet Bulb Globe Temperature. Kilibuniwa Marekani miaka ya 1950, baada ya makuruta wengi wa jeshi kuanguka mazoezini kwenye kambi yao ya Parris Island. Ndani yake, asilimia 70 ya uzito inatoka kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, asilimia 20 kwa kipimajoto kilichomo ndani ya tufe jeusi lililoachwa juani, na asilimia 10 tu kwa joto la kawaida la hewa, lile tunalotangaziwa redioni. Yaani ile namba tunayoitaja kila siku ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. FIFA imeweka WBGT ya nyuzi 32 kuwa kiwango cha kusimamisha mchezo kwa muda ili wachezaji wapoe, na Kanuni ya 7 ya mpira wa miguu inaruhusu mapumziko hayo ya kati ya sekunde 90 na dakika 3.

Klabu ndogo ya Makunduchi au Micheweni haina haja ya kungoja chombo cha bei kubwa. Vipimajoto viwili vya ukutani vinatosha kukupa picha. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kifunge kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, ukipepee kwa dakika chache, kisha usome vyote viwili kivulini. Kikavu kikisema 31 na kibichi kikashuka hadi 21, jasho litafanya kazi yake. Kibichi kikigoma kwenye 27, elewa kwamba vijana wako watalowa chapachapa bila kupoa. Siku hiyo kupasha misuli moto kuwe kwa muda mfupi, mazoezi ya mbio za kasi yaahirishwe, na mwamuzi akubaliane na makocha wa pande zote mbili, kabla ya filimbi ya kwanza, ni dakika ya ngapi watasimama kunywa maji na kujimwagia. Makubaliano haya yafanywe mapema, maana timu inayoongoza haitayapenda dakika ya 75.

Kuna kauli inayowaponza wengi: "Sisi tumezaliwa na joto hili." Kuishi kwenye joto kunasaidia kidogo tu. Mwili huzoea ile kazi unayoifanya ndani ya joto, si anwani ya mtu. Ukifanya mazoezi kwenye hari kwa siku 7 hadi 14 mfululizo, kwa kupandisha taratibu, maji ya damu huongezeka, moyo hupunguza mapigo, jasho huanza mapema na kuwa jingi zaidi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Ukikaa wiki mbili au tatu bila kucheza, sehemu kubwa ya faida hiyo huyeyuka. Kwa hiyo mvulana wa Mkoani, Pemba, aliyetoka kwenye mitihani, au aliyelala na homa wiki nzima, anarudi kiwanjani akiwa mgeni wa joto karibu sawa na mtalii aliyetua jana kutoka kwenye theluji akaamua kukimbia ufukweni Paje saa tano asubuhi. Wiki ya kwanza ya mazoezi ya timu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, na kwa mtazamo wangu kocha anayewapima "roho" vijana wapya siku ya kwanza kwa mbio za kukomoana anachezea maisha yao.

Wapo pia wanaobeba hatari ya ziada: aliyeharisha, mwenye homa, asiyelala usiku, mnene kuliko wenzake, anayetumia vinywaji vya kuongeza nguvu au dawa za mafua zinazokausha. Na wapo wenye moyo mkubwa mno, wale wasiojua kutoka. Makocha huwasifu hao, na mimi pia nawapenda, lakini ndio wa kuwatazama kwa jicho la karibu, kwani mvivu hujitoa mwenyewe kabla mwili haujachemka.

Sasa dalili. Mikakamao ya misuli, kizunguzungu cha anayesimama ghafla baada ya kukimbia, uchovu mzito wenye kichefuchefu na ngozi iliyolowa: haya yote yanatisha, lakini mtu huyu anaongea vizuri, anajua yuko wapi, na ukimlaza kivulini, ukamnyanyua miguu, ukampepea na kumnywesha kidogo kidogo, kwa kawaida anarejea katika nusu saa. Asirudi kucheza siku hiyo. Mstari wa hatari unapitia kwenye akili. Joto la ndani likipita nyuzi 40, ubongo ndio unaoanza kupiga kelele. Mchezaji anapiga mpira kuelekea golini kwake, anayumba, anajibu ovyo, anakasirika bila sababu, au anakaa chini akacheka peke yake. Muulize: "Mwanangu, tunacheza na nani? Ngapi ngapi?" Akishindwa kujibu, au akajibu matusi na si kawaida yake, hiyo ni dharura hata kama bado amesimama kwa miguu yake.

Usidanganywe na ngozi. Tulifundishwa skuli kwamba mwenye kiharusi cha joto huwa mkavu na wa moto. Hiyo ni sura ya mzee aliyefungiwa kwenye nyumba yenye joto siku kadhaa. Mwanamichezo huanguka akiwa amelowa. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani kumaliza marathoni akiwa amepinda upande mmoja na mkono unaning'inia. Mzunguko wa mwisho ulimchukua karibu dakika 6. Madaktari walimwacha aendelee, na sababu mojawapo ni kwamba walimwona bado anatoka jasho. Alimaliza na alipona, tumshukuru Mungu, lakini dalili ile ya jasho si ya kutegemea hata kidogo, na ningekuwa pembeni ya uwanja ule ningependa mtu yeyote amshike.

Huku kwetu dalili za akili zina mtego wake. Kijana mpole anaanza kutukana, anawarushia ngumi wenzake wanaomshika, macho yamemtoka, maneno hayaeleweki. Haraka mtu husema kapandwa na shetani. Sibishani na anayetaka kumsomea, asome. Ila asome huku wengine wanammwagia maji ya baridi, kwani dakika zinahesabika na maji hayaingilii kisomo. Akitulizwa kwanza kwa kufungwa mikono na kubebwa hadi chumbani kwenye godoro, wakati huo ubongo wake, ini lake na figo zake vinaendelea kuungua.

Hapa nataka kukaa zaidi, maana ndipo watu wanapokufa au kupona. Kinachoamua hatima ya mwenye kiharusi cha joto si nyuzi alizofika, bali ni muda aliokaa juu ya nyuzi 40. Akishushwa chini ya hapo ndani ya dakika 30 tangu aanguke, karibu kila mara anapona. Huko Falmouth, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna mbio za maili 7 zinazofanyika kila Agosti. Katika miaka 18 madaktari wa pale waliandika wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto. Walitumbukizwa kwenye maji ya barafu hapo hapo kwenye mstari wa kumalizia. Hakufa hata mmoja.

Linganisha na desturi yetu. Kijana anaanguka Nungwi, watu wanamzunguka, mmoja anapiga simu, wengine wanasimamisha gari, wanamlaza kiti cha nyuma amebanwa na watu wanne, madirisha nusu, na safari ya karibu kilomita 60 kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja inaanza. Wamefanya kila kitu kwa upendo. Lakini zile dakika 30 zimeishia njiani, na ndani ya gari lile amezidi kupata moto. Kanuni inayofuatwa leo na madaktari wa michezo duniani ni fupi: poza kwanza, safirisha baadaye. Gari liitwe, ndiyo, mapema kabisa. Ila likifika likute mtu yumo ndani ya maji, na lingoje.

Vifaa tunavyo. Turubai lile la kubebea mchanga au la kuezekea shughuli linatosha. Mlaze mgonjwa katikati, watu sita washike kingo na kuziinua liwe bwawa, mmoja akae kichwani kumshika kidevu na mabega asizame, kisha mimina ndoo za maji na barafu mpaka mwili ufunikwe kifuani. Litikiseni turubai taratibu ili maji yazunguke. Yakitulia, yale yanayogusa ngozi hupata joto na kupoteza nguvu. Barafu ziko nyumba yoyote yenye friza inayouza barafu za mifuko, na kwenye madiko ziko zile za kuhifadhia samaki. Kabla ya mechi, kiongozi wa timu ajue ni nyumba gani, na sanduku moja liwe limeshajazwa pembeni ya benchi. Gharama yake haifiki bei ya jezi moja.

Maji ya barafu hushusha takriban nyuzi 1 kila dakika 5. Kama yuko mtu aliyefunzwa na ana kipimajoto cha njia ya haja kubwa, atamtoa majini akifika karibu nyuzi 39. Hicho ndicho kipimo pekee cha kuaminika hapo kiwanjani. Cha kwapani, cha paji la uso na cha mdomoni husoma chini baada ya mazoezi, na kimeshawafanya watu wamwache mgonjwa wa nyuzi 41 wakidhani ana 38. Najua suala la stara. Kanga mbili zilizoshikwa pande zote zinatosha kumsitiri, na apimwe na mtu wa jinsia yake. Asipokuwepo mwenye ujuzi, msimpime kabisa: akili imevurugika, ametoka mazoezini, basi ni kiharusi cha joto mpaka daktari aseme vinginevyo. Mpozeni kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo, au mpaka aanze kutetemeka kwa baridi, kisha apelekwe.

Pasipo turubai, chukueni kanga au taulo, zichovyeni kwenye maji ya barafu, mfunikeni kuanzia kichwani mpaka mapajani, na mzibadilishe kila baada ya dakika moja au mbili, maana kanga iliyopata joto inageuka blanketi. Mmoja amwagie maji, mwingine apepee. Msichana aliyecheza netiboli na hijabu na suruali ndefu hana haja ya kuvuliwa mbele za watu. Lowesheni kila kitu alichovaa, avuliwe viatu na soksi, na kanga ishikwe kumzunguka. Maji ya baharini wakati wa kaskazi ni ya nyuzi 28 au 29, yanapoza polepole, na mtu aliyechanganyikiwa anaweza kuzama mikononi mwenu. Yachoteni kwa ndoo mtie barafu.

Watu wazima watasema maji ya barafu yatamshtua, baridi itamwingia kifuani, mishipa itajifunga joto libaki ndani. Hofu hizi zimepimwa kwa vijana wenye afya walioanguka mazoezini, na hazikuthibitika: joto hushuka kwa kasi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Panadol haisaidii, kwa sababu hii si homa ya ugonjwa. Wala asinyweshwe chochote akiwa hajitambui, yataingia mapafuni.

Kuhusu kunywa maji, ushauri wa "kunywa uwezavyo" umepitwa na wakati. Upungufu wa maji unaongeza joto la mwili na unachosha moyo, hilo ni kweli, ila maji hayamkingi mtu na kiharusi cha joto ikiwa anakimbia kupita uwezo wake kwenye fukuto. Na yakizidi yanaua kwa njia nyingine: chumvi ya damu hushuka na ubongo huvimba. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 yao chumvi ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Anayekimbia polepole kwa muda wa saa nne au zaidi huku akinywa kila kituo ndiye aliye hatarini. Kunywa kwa kufuata kiu, ujipime uzito kabla na baada ya mazoezi, na ukikuta umezidi kilo ulizoanza nazo, ulikunywa mno. Dafu, au maji ya ndimu yenye sukari na chumvi kidogo, yanafaa baada ya mchezo.

Ramadhani ya miaka hii inaangukia kaskazi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi ikizidi kuingia ndani ya miezi ya joto. Mazoezi ya nguvu saa kumi na moja jioni kabla ya futari yanamkuta kijana ameshakaa saa 12 bila maji. Bora yahamie baada ya tarawehe, na ya jioni yabaki ya kugusa mpira tu. Daku iliwe karibu na alfajiri, yenye maji na chakula chenye chumvi. Kujimwagia maji mwilini hakubatilishi saumu, kwa hiyo hakuna sababu ya mfungaji kuteseka bila kujipoza. Akianza kuchanganyikiwa, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Jambo jingine la kutofautisha: mchezaji mwenye kinasaba kimoja cha selimundu (ule ugonjwa wa damu uitwao pia sikoseli), ambaye siku zote ni mzima, anaweza kuanguka dakika za mwanzo tu za mbio za kasi, miguu imelegea, lakini anaongea sawasawa na mwili haujapata moto sana. Huyo asilazimishwe kuinuka hata kidogo. Apumzishwe, apewe oksijeni ikiwepo, na apelekwe hospitali haraka.

Aliyepona kiharusi cha joto huamka kesho yake akiuliza mechi ijayo ni lini. Damu yake bado haijasema neno. Misuli iliyoungua humwaga takataka zinazoziba figo, ndiyo maana mkojo wa kahawia iliyokoza ni wa kuripotiwa hapo hapo, na ini linaweza kuonyesha madhara siku kadhaa baadaye. Akae bila mazoezi kwa siku zisizopungua 7 tangu aruhusiwe, apimwe figo, ini na misuli, kisha aanze kwa mazoezi mepesi asubuhi na mapema au jioni kukiwa na upepo. Muda na uzito uongezwe kwa wiki mbili, na mechi kamili zisubiri mpaka wiki mbili hadi nne za mazoezi ya hari zipite bila shida. Joto likimshinda tena katika mwezi ule, arudi kwa daktari kabla ya kurudi kwa kocha.